Baridi yabisi: Jinsi mchochota unavyokula viungo huku mgonjwa akimeza dawa za maumivu

Na MWANDISHI WETU

KATIKA miji ya Busia na Malaba, mkono ndio mtaji. Mama anayepima omena kwa gorogoro, kijana anayeshusha magunia ya mahindi yaliyotoka Uganda, mwendeshaji wa bodaboda anayekaza breki kando ya foleni ya malori na karani anayejaza fomu za forodha, wote hao hawana cha kuuza iwapo vidole vyao vitakataa kukunjika.

Ndiyo sababu ugonjwa wa baridi yabisi, ambao wengi huuchukulia kuwa mzigo wa wazee tu, unastahili kuelezwa kwa kina. Ipo aina moja ya ugonjwa huu, ambayo madaktari huiita rumatoidi, isiyosubiri uzee. Aghalabu humvamia mtu akiwa na umri wa kati ya miaka 30 na 60, yaani katika miaka ile ile ambayo karo, kodi ya nyumba na chakula cha familia vinamtegemea yeye.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba watu milioni 18 kote ulimwenguni walikuwa wakiishi na baridi yabisi ya rumatoidi mwaka 2019, na takriban asilimia 70 kati yao walikuwa wanawake. Kwa muda mrefu vitabu vya tiba vilishikilia kwamba maradhi haya ni nadra mno miongoni mwa Waafrika. Hata hivyo, makala kuhusu wagonjwa wa Kenya yalichapishwa katika jarida la kitabibu la Uingereza mwaka 1979, na uchunguzi mwingine uliofanywa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta ukachapishwa mwaka 2009. Ugonjwa ulikuwepo, ila waliokuwa wakiutafuta walikuwa wachache.

Jina lenyewe limechangia kupotosha watu. Neno 'yabisi' lina asili ya Kiarabu na maana yake ni kitu kikavu au kigumu, nalo neno 'baridi' humfanya msikilizaji adhani kwamba mgonjwa alilala sakafuni au alinyeshewa mvua shambani. Ukweli ni kwamba kiungo kilichoshambuliwa si kikavu wala si baridi. Ukikigusa utahisi joto, na daktari akikichoma sindano hutoa maji mengi kuliko yanayopaswa kuwemo.

MAUMIVU MAMOJA, MARADHI MENGI

Tatizo la kwanza kwa mkazi wa mpakani ni kwamba maumivu ya viungo yana vyanzo vingi katika eneo hili. Malaria, ambayo imekita mizizi kote katika ukanda wa Ziwa Victoria, huuma mwili mzima. Watoto wenye ugonjwa wa selimundu huvimba mikono na miguu. Jongo humshika mtu ghafla usiku, mara nyingi katika kidole gumba cha mguu. Wabebaji mizigo huchakaa magoti kutokana na kazi yenyewe.

Isitoshe, eneo hili lina historia yake. Mwaka 1959 ulizuka kaskazini mwa Uganda ugonjwa wa homa ulioleta maumivu makali ya viungo, na hadi kufikia mwaka 1962 ulikuwa umewapata watu wapatao milioni mbili katika Afrika Mashariki na kwingineko. Waacholi waliuita o'nyong-nyong, jina linaloeleza namna viungo vinavyolegea na kukosa nguvu. Virusi vyake huenezwa na mbu wale wale wanaoeneza malaria. Binamu yake, chikungunya, alitambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 1953, na jina lake limetokana na lugha ya Kimakonde, likimsawiri mtu aliyejikunja kwa maumivu.

Maradhi hayo ya virusi huja na homa na kwa wagonjwa wengi hupungua baada ya siku au majuma kadhaa, ingawa chikungunya inaweza kumsumbua mtu kwa miezi. Baridi yabisi ya rumatoidi huja polepole na haiondoki. Huanza katika viungo vidogo, yaani pale vidole vinapoungana na kiganja, katikati ya vidole, kifundo cha mkono na sehemu ya mbele ya nyayo. Hushika pande zote mbili za mwili kwa pamoja. Viungo vya mwisho kabisa vya vidole, karibu na kucha, kwa kawaida huachwa.

Na ipo dalili moja ambayo mtu akiisikia hafai kuipuuza, nayo ni ugumu wa asubuhi. Mtu aliyechoshwa na kazi huamka akiwa mkakamavu kwa dakika chache kisha mwili ukalainika. Mgonjwa wa rumatoidi huhitaji saa nzima au zaidi kabla ya kuweza kufunga kifungo cha shati au kukamua kitambaa. Kemikali zinazochochea uvimbe huongezeka mwilini usiku wa manane kuelekea alfajiri, na ndiyo sababu anayechelewa kufungua kibanda chake si mvivu jinsi majirani wanavyodhani.

NDANI YA KIUNGO

Ili kuelewa uharibifu unavyotokea, ni sharti kwanza kufahamu jinsi kiungo kizima kilivyoumbwa.

Ncha za mifupa inayokutana zimefunikwa kwa gegedu, tabaka jeupe, laini na telezi, linalozuia mfupa kusagana na mwenzake. Gegedu haina mishipa ya damu. Hupata lishe yake kutoka kwa ute unaozunguka ndani ya kiungo, na kwa hivyo ikishaharibika haina uwezo wa kujijenga upya jinsi ngozi iliyokatwa inavyofanya. Kiungo chote kimefungwa ndani ya mfuko mgumu, na upande wa ndani wa mfuko huo umetandazwa utando mwembamba mno, wenye unene wa seli moja au mbili tu. Utando huo ndio unaotengeneza ute.

Vita vyenyewe huenda havianzii hapo. Damu zilizohifadhiwa na kupimwa baadaye zimewaonyesha wanasayansi kwamba kingamwili za ugonjwa huu zinaweza kuwemo mwilini miaka kadhaa kabla ya kidole kimoja kuvimba. Wataalamu wanashuku kwamba mambo huanzia kwenye mapafu na ufizi. Moshi wa sigara, ambao umethibitishwa kuongeza hatari ya ugonjwa huu, pamoja na maradhi ya ufizi, huchangia kubadilisha kidogo maumbile ya protini za mwili. Kwa mtu aliyerithi jeni fulani, mfumo wa kinga huziona protini hizo kuwa ngeni.

Msomaji anayevuka mpaka kila siku ataelewa haraka. Ni kama afisa wa uhamiaji anayemkamata raia wa nchi yake mwenyewe kwa sababu herufi moja katika kitambulisho chake imebadilika, kisha akasambaza picha yake kwa vituo vyote ili kila anayefanana naye akamatwe.

Amri hiyo ikishafika kwenye viungo, chembe nyeupe za damu humiminika ndani ya ule utando. Hutoa protini za kupelekeana habari, mashuhuri miongoni mwazo zikiwa TNF na intalukini-6. Protini hizi huita chembe nyingine zaidi, nazo zikifika hutoa protini zaidi. Mishipa mipya ya damu huchipuka ili kulisha umati huo, na utando uliokuwa na unene wa seli mbili hufikia kumi au kuzidi. Hali hii ndiyo madaktari huita mchochota. Katika jeraha la kawaida mchochota hufanya kazi yake ukaisha, lakini hapa hakuna kinachouambia ukome.

Utando ulionenepa huanza kutambaa. Wakazi wa Port Victoria wameona jinsi gugumaji linavyoanzia ufukweni na kusonga juu ya maji hadi mashua zikakosa njia. Utando huu hufanya vivyo hivyo. Huanzia pembezoni mwa kiungo, pale penye ukanda mwembamba wa mfupa usiofunikwa na gegedu, kisha husonga kuelekea katikati.

Silaha zake ni za aina mbili. Ya kwanza ni vimeng'enya vinavyoyeyusha nyuzi zinazoipa gegedu uimara wake, hadi ikawa nyembamba na kuchanika. Silaha ya pili inashangaza zaidi, kwani ni mafundi wa mwili wenyewe. Kila mtu ana seli ziitwazo osteoklasti ambazo kazi yake ni kubomoa mfupa mzee kwa tindikali ili seli nyingine zijenge mpya. Kwa mtu mwenye afya, ubomoaji na ujenzi huenda sambamba. Ndani ya kiungo chenye mchochota, chembe za kinga huzipa osteoklasti amri ya kubomoa bila kikomo, na wakati huo huo wajenzi huzuiwa kufanya kazi. Vishimo vinavyoonekana kwenye picha za eksirei ni alama za meno ya seli hizo.

Kano nazo hazisalimiki. Zile zinazoshikilia mifupa pamoja hulegea, na zile zinazovuta vidole huweza kuchakaa hadi zikakatika. Hapo ndipo vidole vinapoanza kuinama kuelekea upande wa kidole cha mwisho, au kupinda katikati kama shingo ya bata. Mkono ukishafika hapo, hakuna kidonge kinachoweza kuurudisha ulivyokuwa. Upasuaji unaweza kusaidia kiasi, kwa yule anayeweza kuufikia na kuugharamia.

Sehemu kubwa ya uharibifu wa mfupa huanza mapema, mara nyingi ndani ya miaka miwili ya kwanza. Mama aliyeambiwa mwaka wa kwanza kwamba ana malaria, wa pili kwamba anazeeka, na wa tatu kwamba amerogwa na mshindani wake wa soko, huenda amepoteza muda ule ule ambao vidole vyake vingeokolewa.

Mchochota haukai katika viungo pekee. Protini zile zile huzunguka katika damu na kuleta uchovu, upungufu wa damu na kukonda. Moyo na mishipa yake huwa katika hatari zaidi, mapafu yanaweza kupata makovu na macho kukauka. Kwa walioishi na ugonjwa huu kwa miaka mingi bila tiba ya maana, viungo vya juu kabisa vya shingo vinaweza kulegea na kukandamiza uti wa mishipa ya fahamu. Mgonjwa wa namna hiyo anapokwenda kufanyiwa upasuaji wowote ni lazima amweleze anayempa dawa ya usingizi, maana kuipinda shingo yake ovyo ni hatari.

KUTULIZA SI KUTIBU

Hapa ndipo penye kosa linalogharimu wengi. Maumivu na uharibifu ni mambo mawili tofauti. Diklofenaki na ibuprofeni zinazonunuliwa katika duka la dawa hupunguza uchungu na uvimbe kwa saa chache, lakini hazizuii gegedu kuliwa wala mfupa kutobolewa. Ni sawa na kumnyamazisha mbwa huku mwizi akiendelea kubomoa ukuta. Fauka ya hayo, zikitumiwa kwa miezi mfululizo huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Ziko hatari nyingine zisizo na lebo. Katika nchi mbalimbali, baadhi ya dawa zinazouzwa kama mitishamba ya viungo zimegunduliwa kuwa zimechanganywa kwa siri na steroidi kama vile deksamethasoni. Mnunuzi hupata nafuu ya ajabu ndani ya siku mbili na kumsifu muuzaji kila aendako. Baada ya miezi uso huvimba ukawa wa mviringo, sukari na shinikizo la damu hupanda, mifupa huwa dhaifu na maambukizi humpata kwa urahisi. Akiacha ghafla anaweza hata kuzirai, kwa kuwa mwili umesahau kujitengenezea homoni hiyo. Dawa ya unga inayoponya viungo vyote kwa usiku mmoja, iwe imetoka upande wa Kenya au wa Uganda, inafaa kutiliwa shaka kwa sababu hiyo hiyo ya kuponya upesi.

Steroidi zenyewe si sumu zikitumiwa na anayezijua. Daktari Mmarekani Philip Hench alimpa mgonjwa wa kwanza wa rumatoidi kotisoni mwaka 1948, na kazi hiyo ikamletea yeye na wenzake Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Siku hizi madaktari hutoa prednisoloni kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi, kama daraja la kumvusha mgonjwa hadi dawa za kweli zianze kufanya kazi.

Nguzo ya tiba ni metotreksati. Hii humezwa mara moja tu kwa wiki, pamoja na vidonge vya foliki asidi vinavyopunguza madhara yake. Neno 'wiki' lirudiwe hata mara kumi, kwa sababu wapo wagonjwa katika nchi mbalimbali waliokufa baada ya kuimeza kila siku kwa kudhani ni kama dawa nyingine. Mgonjwa hupimwa damu na ini kila baada ya muda, na anashauriwa kujiepusha na pombe. Huchukua majuma sita hadi kumi na mawili kuleta nafuu kamili, kipindi ambacho wengi hukata tamaa na kuitupa.

Dawa nyingine itawashangaza wakazi wa eneo la malaria. Haidroksiklorokwini ni ndugu wa klorokwini, ile dawa chungu iliyotumiwa kutibu malaria nchini Kenya hadi vimelea vilipoizoea na serikali kuiweka kando mwaka 1998. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari waliokuwa wakipewa dawa za kuzuia malaria walionekana kupata nafuu ya maradhi ya ngozi na ya viungo. Hadi leo haidroksiklorokwini hutumiwa kutuliza mfumo wa kinga, mradi macho yapimwe mara kwa mara. Mwaka 2020, uvumi kwamba inatibu Covid-19 ulisababisha uhaba wake katika nchi nyingi, na wagonjwa wa viungo ndio walioumia.

Zipo pia dawa za kisasa zinazoilenga ile protini ya TNF yenyewe. Njia hiyo ilifunguliwa jijini London na Marc Feldmann na Ravinder Maini, ambao mwaka 1992 walianza kuwapa wagonjwa kingamwili ya kuizima. Bei yake iko mbali na uwezo wa wengi. Aidha, TNF ndiyo inayosaidia kuwafungia vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mwilini, na kuizima kunaweza kuviamsha. Katika ukanda wenye kifua kikuu, kipimo chake ni sharti kitangulie.

VIPIMO VINAVYODANGANYA

Kipimo cha damu kinachojulikana zaidi huitwa rumatoidi fakta, na asili yake ni ugunduzi wa Erik Waaler wa Norway uliochapishwa mwaka 1940. Kina kasoro kubwa kwa mtu wa Busia. Maambukizi ya muda mrefu, yakiwemo malaria, kifua kikuu, homa ya ini na ukoma, yanaweza kukifanya kionyeshe ugonjwa ambao haupo. Kwa upande mwingine, baadhi ya wagonjwa wa kweli hawaonyeshi chochote. Kipimo cha kingamwili ziitwazo anti-CCP kina uhakika zaidi, ingawa hakipatikani kila mahali. Eksirei nayo huweza kuwa safi kabisa miezi ya mwanzo, kwa kuwa mashimo bado hayajachimbika.

Ukoma haukutajwa kwa bahati. Alupe, katika barabara ya kutoka Busia kuelekea Malaba, ilijulikana kwa miaka mingi kama mahali pa wagonjwa wa ukoma, na hata leo vidole vilivyopinda huweza kumkumbusha mzee wa hapa maradhi hayo na unyanyapaa wake. Tofauti ni rahisi kuijua. Vidole vya mwenye ukoma hufa ganzi, hata akaungua motoni bila kujua. Vidole vya mwenye rumatoidi huuma, na ugonjwa wake hauambukizi kwa kupeana mikono, kula pamoja wala kulala kitanda kimoja.

Kwa hivyo daktari hutegemea zaidi macho, mikono na masikio yake. Yeyote aliyevimba viungo vidogo vya mikono kwa zaidi ya majuma sita, pande zote mbili, na kuamka akiwa mgumu kwa saa nzima, anafaa kufika katika hospitali kama ile ya Kocholia iliyo karibu na Malaba au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia, aeleze hayo kwa mpangilio huo huo na kuomba kuelekezwa kwa mtaalamu. Waliobobea katika maradhi haya ni wachache nchini, na huenda ikambidi kusafiri hadi Kisumu au Eldoret. Nauli hiyo ni kubwa, lakini dawa nyingi za msingi zikishaandikwa humezwa nyumbani.

Wanawake wenye umri wa kuzaa wana jambo lao la pekee. Ujauzito huwapa wengi nafuu, tena nafuu ya kuvutia ambayo Hench mwenyewe aliiona na ikamsaidia kufikiria homoni. Kisha majuma machache baada ya kujifungua ugonjwa hurudi kwa nguvu, au hujitokeza kwa mara ya kwanza, na mama huambiwa ni udhaifu wa uzazi. Metotreksati haifai kutumiwa na mjamzito kwa kuwa huharibu kijusi, na anayeitumia huhitaji kuiacha miezi kadhaa kabla ya kutafuta mtoto. Haidroksiklorokwini na sulfasalazini zinaweza kuendelea kwa uangalizi wa daktari. Mama anayeshindwa kumnyanyua mwanawe asubuhi kwa sababu vifundo vya mikono vimevimba amwambie muuguzi siku anapompeleka mtoto kupata chanjo.